Nilimwibia Mutuku Picha ya Seli Hai

Nina miaka ishirini na tisa, kwetu ni Kasikeu, na tangu mwaka jana sijui kutulia. Nikikaa naona niende, nikienda naona nirudi... Wacha niwaambie, pengine nitapumua.

Mimi na mchumba wangu, Mutuku wa Kanyangi, tulisoma shahada ya pili kwa maabara moja. Kazi yetu ilikuwa kupiga picha seli zikiwa hai. Unazipaka rangi inayowaka ikimulikwa, unaziweka juu ya kioo kilichopakwa madini ya fedha, na ile fedha inaongeza mwangaza. Lakini seli zisiguse fedha! Lazima upake utando mwembamba juu yake, ungoje siku mbili ukauke. Ukiruka hapo mwanga unafifia, seli zinakufa.

Jameni, nilijua! Mutuku yake alikuwa amemaliza mapema. Mimi nilichelewa, na Jumamosi ilikuwa ntheo yangu, siku wazee wao wanaleta mbuzi kwetu kuonyesha sasa mimi ni wao. Mama anapiga simu kila saa, mara sufuria, mara hema. Nani angengoja utando ukauke? Nikaweka seli kwa fedha tupu, nikaenda nyumbani kushangiliwa.

Jumatatu nikachungulia hadubini. Giza! Zote zimekufa, na kesho yake tunaonyesha profesa kazi... Mutuku alikuwa ameenda kula, kompyuta yake iko wazi. Zake ziling'aa kijani kama shamba baada ya mvua. Nikanakili picha yake, nikaandika jina langu.

Nilitangulia kuonyesha. Mutuku aliposimama, picha ni ileile! Profesa akauliza ni nani mwizi. Mutuku akanigeukia, "Mwende, sema." Nikaangalia viatu vyangu. Kwa vile mimi nilitangulia, akafukuzwa yeye.

Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Ungeniambia zimekufa, si tungeanza upya pamoja?" Hilo swali linanila mpaka leo!

Ujumbe ukatoka Kanyangi: uchumba umevunjika, mbuzi warudi. Baba, mzee wa kanisa, aliwapakia kwa pikapu mwenyewe. Mmoja alikuwa amezaa, akarudishwa na mtoto wake.

Mwezi jana nilimwambia profesa ukweli. Mutuku amerudishiwa nafasi yake, mimi nimepoteza yangu. Simu yangu hashiki.

Ndugu zangu, kazi ikikuharibikia, sema imeharibika. Aki usiguse ya mwenzako! Kila gari likipunguza mwendo hapo nje natoka kuangalia... na si yeye.