Aliyekanyaga Breki

Fundi alikuwa chini ya lori, mgongo kwenye gunia, akaita, "Kanyaga." Pedali ikakanyagwa. Akalegeza nati, oili ikatoka na mapovu, akakaza. "Achia." Ikaachiwa. Kutoa upepo kwenye breki ndivyo kulivyo: watu wawili, mmoja chini mmoja juu, na maneno mawili tu. Mara ya nne alipoita, aligeuza kichwa kutafuta kitambaa, akaona ndala za mumewe kando ya gurudumu, na miguu ya mumewe ikiwa ndani yake.

"Wewe si uko juu?"

"Nimeshuka kitambo, nilikwenda kunywa maji," mumewe akasema. "Nani anakukanyagia?"

Mwanamke akachomoka pale chini na hasira zake. Watu walimwita Spana, kwa ajili ya kazi yake, ingawa wenye kumjua walisema ni kwa ajili ya ulimi, na hakuna alichokichukia kama mzaha kwenye breki. Kwenye kiti hapakuwa na mtu. Saa nane mchana, karakana wazi pande zote, jua limetanda, na pedali imelala sakafuni imebonyezwa. Ikakaa hivyo kidogo, kisha ikapanda yenyewe. Ndani kulinuka breki zilizoungua, na lori lile halikuwa limetembea miezi mitatu.

Lilikuwa lori la marehemu baba mkwe, limemzidi Spana umri. Injini ilivuma vizuri tu, ila silinda tatu za breki kati ya nne zilikuwa zimekufa, na kiwanda kilichozitengeneza kilishafungwa zamani. Spana alizunguka maduka ya spea mpaka soli zikaisha. Muuzaji mmoja alimwambia, mama, hiyo peleka makumbusho. Mwingine alimuuzia boksi jipya, ndani silinda kuukuu iliyopakwa rangi. Alimrudishia kwa kuitupa juu ya kaunta, akamwaga matusi mpaka wateja wakatoka. Kufika nyumbani, akakuta mumewe ameshaahidi watu kwamba Jumatatu atawateremshia mbao kutoka mlimani, barabara ya kona saba. Spana akaapa kwamba bila breki lori halitoki. Alisema kuolewa na dereva amekubali, kufiwa na mjinga hakukubali.

Basi Jumatano mume akaja na silinda tatu ndani ya mfuko. Alidai kapewa na fundi mmoja mstaafu. Spana alifurahi hata akamsifu. Fundi mzima, miaka ishirini kazini, hakuuliza spea imetoka wapi.

Jioni ya siku ile ya pedali, wakiwa wanakula, mguu wa kulia wa mume ukaanza kukanyaga sakafu. Spana akamwambia aache. Hakuacha. Mguu ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka, taratibu kwanza kisha kwa pupa, sahani zikitetemeka juu ya meza, naye mwenyewe akiutazama kama mguu wa mtu mwingine, jasho likimtiririka, na ile harufu ya breki zilizoungua ikiingia mpaka kwenye chakula, hata akafungua mdomo na sauti iliyotoka humo haikuwa yake.

"Fundi, imeshika?"

Spana alimpiga kibao, akidhani anadhihakiwa. Mume akaanza kulia. Hapo ndipo Spana naye alipoogopa.

Siku mbili mguu haukupumzika. Asubuhi ya tatu Spana alimkuta mume kwenye kiti cha lori, hakumbuki alifikaje, anakanyaga, midomo imekauka, moyo unadunda hadi unaonekana shingoni. Mganga akaitwa. Mzee wa watu alikuja na mkoba wake, akaunusa mlango wa lori, akaufunga mkoba kabla hajatoa hata mzizi mmoja.

"Ana jini, au ana maiti, mimi sijui," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini huyu hataki mganga. Anataka fundi. Na mfanye haraka, moyo huu haufiki kesho."

Spana akamgeukia mumewe, akamuuliza swali alilopaswa kumuuliza Jumatano. Mume akasema huku mguu ukiendelea. Katika yadi ya vyuma chakavu kulikuwa na lori kama lao, ndugu wa tumbo moja, limepondeka uso, injini imeshang'olewa. Lilianguka mlimani miaka iliyopita, kona ya saba, ile ya mwisho, dereva akafia humo. Mwenye yadi alikataa kuuza breki zake. Mafundi wote wanajua: gari lililoua unanunua injini, milango, viti, lakini breki unaiacha, kwa sababu mwenyewe amekufa bado anakanyaga, muache akanyage mpaka achoke. Basi mwenye yadi alipokwenda kula, mume alizichomoa.

"Ukaziweka mikononi mwangu," Spana akasema. "Ukaniacha nikushukuru."

Hasira ilimpa nguvu za wanaume wawili. Alizifungua silinda tatu palepale, akamtupa mume kwenye mkokoteni pamoja nazo, akausukuma mwenyewe hadi yadi, mguu ukigonga mbao njia nzima. Mwenye yadi alipoona mkokoteni hakuuliza kitu, alifungua geti akasogea mbali.

Adhuhuri hiyo Spana akajilaza chini ya lori la maiti. Alirudisha silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu, akimtukana mumewe kwa kila nati, akamtukana na huyo jini, kwamba mwanamume gani anayegombana na mgonjwa. Juu yake vyuma vikawa vinapata moto. Gurudumu la nne halikuwa na silinda kabisa. Bomba lake la oili lilikuwa limezibwa kwa gololi, ili lori litembee kwa breki tatu, na juu ya kizibo palikuwa na tone la rangi nyekundu.

Akalisugua tone lile kwa kidole. Hakuna fundi mwingine aliyekuwa akitia tone jekundu. Ni yeye. Akakumbuka dereva mmoja mpole, aliyeitafuta silinda ile ile madukani kote akaikosa, akaja kumwomba amsaidie. Alimzibia. Yule akauliza, "Fundi, imeshika?" Naye akamjibu imeshika, nenda, keshokutwa urudi. Hakurudi, na Spana alimsema mwaka mzima kuwa ni mteja asiye na shukrani.

Hasira aliyokuwa nayo kwa mumewe, kwa wauzaji, kwa jini, yote ikamgeukia mwenyewe, na haikuwa na pa kwenda. Pale juu, kwenye kiti kisicho na mtu, sauti ikauliza tena, bila ugomvi, kama mteja anayeogopa kumsumbua fundi.

"Haijashika," Spana akasema. "Nilikudanganya. Nisubiri."

Alirudi karakana mbio, akalipandisha kwa jeki lile lori la kwao, akang'oa silinda yake ya nne, ile nzima, ya mwisho. Lori la baba mkwe likabaki bila hata breki moja. Mbao za Jumatatu zikafa hapo. Hakujali. Alikimbia nayo yadi, akaing'oa gololi, akaifunga silinda, akamimina oili.

"Kanyaga," akaita.

Pedali ikakanyagwa. Walifanya hivyo gurudumu kwa gurudumu, yeye na huyo wa juu, hadi mapovu yakaisha na oili ikatoka safi. Kisha, pedali ikiwa imekanyagwa, Spana akalishika gurudumu kwa mikono yake miwili, akalisukuma kwa kifua. Halikusogea.

"Imeshika," akasema, akilia kwa hasira. "Wallahi imeshika. Nenda."

Kwenye mkokoteni mguu ukatulia. Na lori lile lisilo na injini likasikika likiingia gia. Halikusogea hata inchi, lakini mlio wake uliondoka, ukateremka mbali, ukipungua kasi vizuri kwenye kona, ukikaza, ukiachia, ukikaza tena, na Spana alilala pale chini akizihesabu kona kwa vidole.

"Mke wangu," mume akanong'ona, "ameondoka?"

"Nyamaza," Spana akamwambia. "Imebaki kona moja."