Aliyetaka Kutua

Taa ndogo ya dashibodi ya ndege ilikuwa inawaka, na hakukuwa na kitu cha kuiwasha. Fundi umeme alisimama mlangoni mwa banda, kikombe cha chai mkononi, akaitazama kwa uchovu wa mtu asiye na nafasi ya tatizo jingine. Betri kuu ilikuwa imetolewa ikachajiwe. Betri ya akiba ilikuwepo nyuma ya kiti, lakini waya wake alikuwa ameuchomoa kwa mkono wake mwenyewe. Akaipima. Imejaa pomoni.

"Kaka, umeigusa hii?"

"Wala," alijibu kaka yake kutoka chini ya bawa. "Na wewe nawe! Betri kujaa ni kosa?"

Majirani walimwita kaka huyo Kapteni. Zamani alirusha ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Tangu astaafu, yeye na dada yake huyu fundi walikuwa wakiunda ndege yao ya viti viwili nyuma ya nyumba ya mama yao, miaka nenda miaka rudi, mpaka mama akaacha kuuliza itaruka lini. Injini yake ilitegemea umeme: ukikatika, pampu ya mafuta inasimama, injini inakufa. Kuzuia hilo ndiyo kazi ya betri ya akiba. Hii waliing'oa kwenye mabaki ya ndege iliyoanguka na kumuua rubani wake.

"Inanuka nywele zilizoungua," dada alisema.

"Umechoka. Kalale kidogo."

Alikuwa amechoka kweli, ila pua yake haikuwa na kasoro.

Alasiri waliirudisha betri kuu, wakauchomeka tena waya wa ile ya akiba, wakaisukuma ndege hadi kwenye kiwanja cha nyasi, wakawasha injini. Kapteni akazima betri kuu. Ya akiba ikabeba mzigo vizuri. Kisha akaizima na ya akiba. Injini ikaendelea kunguruma. Akachomoa ufunguo, akafunga mafuta, akamtazama dada yake, na propela ikazidi kuzunguka huku harufu ile ya nywele ikijaa kwenye kibanda cha rubani, mpaka kwenye spika za masikioni wote wawili wakasikia mtu akihema, akihema kama aliyekimbia mbali, kisha akanong'ona:

"Msinizime. Mara ile nilizimwa nikiwa juu."

Walimwita shangazi yao. Alizoea kutoa majini vichwani mwa watu, si kwenye mashine, akaja na kandambili zake akiyalaumu magoti. Alivaa spika, akafumba macho.

"Unataka nini, baba?" aliuliza. Akasikiliza muda mrefu, kisha akazivua taratibu.

"Huyu ni mtu. Umeme ulimkatikia hewani. Mwili ulifika chini, yeye hakufika. Anataka kutua."

"Tuitupe hiyo betri," dada alinong'ona.

"Ameshawajua. Mkimtupa, atawasha kila kitu hapa mpaka kiungue, na mama yenu yumo ndani."

Kapteni alijifuta uso. "Basi nimteremshe. Maisha yangu yote nimekuwa nikiteremka." Akapanda, akafunga mkanda.

Akaruka. Dada alibaki chini na redio ya mkononi, na ndege ilipoanza kugeuka juu ya miti akamsikia kaka yake akisema polepole, "Umeme mkuu umekata wenyewe, dada, na kwenye kiti cha pembeni kuna mtu, simwangalii, ameshika usukani pamoja nami, mikono yake ni ya baridi na anashika vizuri, anajua kazi, anashika vizuri kuliko mimi," halafu redio ikanyamaza, ndege ikashuka, ikayumba, ikagusa nyasi laini kama shuka linalotandikwa.

Dada alikimbia hadi pumzi zikamwishia. Kapteni alikuwa mzima, machozi yakimtoka.

"Ameshuka," alisema.

Betri ilikuwa baridi. Kipimo kikasoma sifuri. Wakaketi chini wote wawili, hawana nguvu hata ya kufurahi, wakati shangazi akiinama upande wa pili wa ndege. Hakuwaita. Waliinuka wenyewe wakaona: nyasi zimelala kwa nyayo za mtu peku, kutoka mlango wa abiria, moja kwa moja kuelekea nyumbani.

Simu ya dada ikalia. Ni mama.

"Mwanangu, mgeni wenu amefika. Maskini, amechoka sana, hata kusema hawezi. Nimempa kitanda chako alale."