Kofia ya Nahodha Aliyekufa

Saa 3:15 asubuhi

Walifika watatu kwa gari la kukodi, wamevaa majoho ya bluu kama wajinga wengine mia sita waliofurika mjini wikiendi ile kwa tamasha la mashabiki wa mchezo mmoja wa runinga. Mhudumu wa mapokezi hotelini alikuwa amejipaka rangi ya kijani usoni. Nyundo, mkubwa wa genge, alimtazama kama anayetazama uchafu kwenye kapeti.

"Karibuni! Nyie ni kikosi gani?"

"Kikosi cha waliolipia chumba. Lete ufunguo."

Chumba kilikuwa nyuma kabisa, kimepakana na cha kufulia. Vitanda viwili. Nyundo akajitupa kwenye kimoja, na viatu vyake. Dereva akachukua cha pili. Shemeji, fundi wa vitasa, akatandika joho sakafuni. Hakulalamika. Alikuwa na lake moyoni.

Lake lilikuwa dada yake wa toka nitoke, mke wa Nyundo. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta. Kaanguka bafuni, alisema Nyundo. Mara ya tatu mwaka huu. Bafu gani hilo, Shemeji alijiuliza, lenye ngumi?

Saa 3:40

Nyundo akatandaza ramani ya ukumbi wa tamasha kitandani.

"Kofia ya chuma ya nahodha wao, ile halisi ya runingani, yenye bei. Kabati la kioo, kitasa kimoja. Saa sita kasoro dakika mbili Shemeji anafungua. Mimi naivaa, natoka nayo kichwani. Kule ndani kila punguani ana kofia. Nani atajua?"

"Na walinzi?" Dereva akauliza.

"Mfagizi kaniambia, saa sita kamili ukumbi mzima unatulia. Dakika mbili. Hata walinzi. Wanakwenda kula. Njaa haina nahodha."

Shemeji ndiye aliyepewa kazi ya kutazama vipindi vyote sitini vya mchezo ule wa runinga, wasije wakaumbuka wakiulizwa. Nyundo hakutazama hata kimoja. Watu wazima na akili zao kulilia meli ya maboksi!

"Wewe mlia machozi," Nyundo akamwambia. "Kuna kitu sikijui?"

Kweli alikuwa amelia, kipindi cha mwisho. "Saa sita wanatulia," Shemeji akasema. "Ndivyo ilivyo."

"Ukiniharibia, dada yako ataanguka tena bafuni."

Dereva akacheka peke yake.

Saa 4:50

Foleni. Wakafungwa bangili za karatasi. Bibi mmoja mwenye upanga wa plastiki akamrekebishia Nyundo joho.

"Bega la kulia, baba. Nahodha alivaa hivi."

Nyundo akamkunjia sura ya kuua. Bibi akadhani ni maigizo, akapiga makofi.

Saa 5:58

Kitasa kilikuwa cha kutia aibu, kama cha kabati la sahani. Shemeji aliinama, akakigusa mara mbili, kikaachia. Nyundo akaivaa kofia. Ilimbana masikio. Akaanza kwenda mlangoni, polepole. Nje, Dereva alikuwa ameshawasha gari.

Saa 6:00 mchana

Baragumu likalia.

Hakuna aliyekwenda kula. Watu mia sita walivua kofia wakapiga magoti. Wauza fulana. Walinzi. Bibi, kwa taabu, kashika kiuno. Katika kipindi cha sitini nahodha hufa saa sita kamili, na kila mwaka mashabiki humpigia magoti dakika mbili, vichwa wazi. Anayependa mchezo ule anajua. Nyundo hakujua. Alibaki wima katikati ya ukumbi kama mlingoti.

"Mna nini nyie?" Sauti yake ilizunguka ukumbi wote.

"Vua kofia, baba," Bibi akanong'ona. "Nahodha amekufa." Kisha akakodoa macho. "Hilo bonyeo la sikioni... la lile pigo la kipindi cha nne! Ni yenyewe! Mwizi!"

Walinzi wakainuka. Nje, Dereva alikanyaga mafuta, na hao ndio marafiki wa Nyundo. Nyundo aliivuta kofia kwa mikono miwili. Imekwama.

"Huyu ndiye kafungua!" akafoka, kidole kwa Shemeji.

Shemeji alikuwa bado amepiga magoti. Dakika mbili hazijaisha.

"Ni kweli," akasema. "Ni mimi."

Saa 6:40

Nyuma ya gari la polisi, pingu mikononi, kofia bado kichwani mwa mmoja wao. Askari walikuwa wakicheka waziwazi.

"Ulijua," Nyundo akasema. "Nyoka wewe. Siku nikitoka, naanzia kwa dada yako."

"Utaingilia wapi? Jana, ulipoaga kwenda kukodi gari, nilibadilisha kitasa cha mlango wako. Ufunguo ni mmoja tu, anao yeye."

"Nitakivunja."

Shemeji akaegemeza kichwa. Miaka yake ya jela alikuwa ameshaikubali tangu kipindi cha sitini.

"Jaribu," akasema. "Nilijaribu mchana kutwa. Hata mimi kimenishinda."