Ronda Si Doria

Baba yangu, Eleuterio, alikuwa mlinzi wa usiku mjini Tegucigalpa. Tulipohamia kijijini, kwenye shamba la marehemu babu, hakuacha kazi yake. Kila asubuhi na kila jioni alizunguka shamba, tochi kiunoni, akiyakagua magugu kama wezi. Kuku walimzoea. Mama hakumzoea.

"Eleuterio, njoo unywe kahawa! Nani ataiba magugu?"

"Wewe cheka tu. Lindo ni lindo."

Mvua za kupandia zilikuwa karibu. Tulikuwa tumefyeka shamba lote, na majani yalikuwa yamekauka kabisa. Baba alitaka kuyachoma ili apande mahindi, kama walivyofanya wengi pale kijijini.

Juu ya shamba letu, mlimani, palikuwa na nyumba ya Bi Obdulia. Paa lake lilikuwa la nyasi, na pembeni palikuwa na mibuni yake. Aliishi na mama yake, Bi Tránsito, ambaye alikuwa hawezi tena kutembea. Kati yao na sisi palikuwa na ua wa miti tu.

Siku moja Bi Obdulia aliita kutoka uani. Ana sauti ya kusikika mlima wa pili.

"Baba Yadira! Unachoma lini?"

"Jumamosi, jirani."

"Ronda umeshafanya?"

"Nafanya kila siku. Asubuhi na jioni."

"Kila siku?" Bi Obdulia alishika kiuno. "Kumbe watu wa mjini mnajua kazi! Sisi tunafanya mara moja tu, na mgongo unalia. Basi umenipunguzia kazi, upande huu mimi sifyeki."

Baba alitabasamu mpaka masikio yakasogea.

Wawili hao walidhani wameelewana. Mjini, ronda ni doria, yaani mlinzi kuzunguka na tochi. Kule kijijini ronda ni kitu kingine kabisa. Tulikijua tukiwa tumechelewa.

Jumamosi, Bi Obdulia alikwenda kusaga mahindi. Jua lilikuwa utosini. Baba alichukua kiberiti, akaenda chini kabisa ya shamba.

"Baba, mbona kuna upepo?" nilimuuliza.

"Upepo unasaidia, Yadira. Tutamaliza mapema, tule."

Aliwasha.

Moto haukutembea. Ulikimbia. Upepo uliushika mkono, ukapanda nao mlimani. Majani yalilia kama mafuta ya kukaangia. Baba alichota ndoo ya maji, akaimwaga. Moto haukuona hata aibu.

"Unakwenda kwa Bi Obdulia!" Mama alipiga kelele. "Mama yake yuko ndani!"

Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia shuleni. Nilimkuta Bi Tránsito kitandani, ananusa hewa.

"Nani anaunguza maharage?"

"Ni moto, bibi! Panda mgongoni!"

"Moto wa nani?"

"Wa baba yangu!"

"Yule mlinzi?" Alinikaba shingo kwa mikono yote miwili. "Basi kimbia, mwanangu. Leo ametulinda vizuri."

Nilimtoa, nikampeleka kwenye mawe ya kijito. Nilipogeuka, moshi ulikuwa umeshafika uani. Ndipo nikamwona Bi Obdulia anakuja mbio. Alitupa gunia lake la unga njiani bila kutazama linaangukia wapi.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko kijitoni, mzima!"

Alimgeukia baba, aliyekuwa amefika uani na ndoo yake. "Eleuterio! Ronda yako iko wapi?"

"Nimefanya! Nimezunguka leo asubuhi!"

"Umezunguka? Kwa miguu?"

"Kwani ronda inafanywa na nini?"

Bi Obdulia aliutazama ua na majani makavu. Hapakuwa na nafasi ya matusi. Aliwaita majirani kwa ile sauti yake. "Majembe na mapanga! Haraka!" Walitoka kila upande.

"Acheni ndoo, maji hayatoshi! Ng'oeni ua! Futeni majani yote hapa, nione udongo mtupu!"

Tulikata, tukalima, tukavuta majani pembeni. Uso uliniwaka. Cheche moja iliangukia paa. Mama alipanda ngazi na blanketi bichi, akaizima, akabaki kule juu anakohoa, anasubiri nyingine. Baba alilima kama anachimba kisima.

Moto ukafika. Ulinyoosha ulimi kwenye ule udongo, ukakosa cha kula. Ulijaribu kushoto, ukajaribu kulia. Mwishowe ulilala.

Nyumba ilikuwa imesimama. Mibuni ya Bi Obdulia ya pembeni ilikuwa imeungua yote.

Baba alikaa chini. "Jirani, nisamehe. Mibuni nitaipanda tena."

"Utaipanda." Bi Obdulia alionyesha ule ukanda mtupu. "Ronda ndiyo hii. Inazunguka shamba lote. Upana wake, mtu mzima alale kuukatiza. Upande wa nyumba, walale wawili. Isibaki hata nyasi moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza? Na mimi nilipaswa kuja kutazama kwa macho. Nimeamini mdomo." Alifuta masizi usoni, akayasambaza zaidi. "Moto hauwashwi saa sita mchana. Subiri jua lishuke na upepo utulie. Anzia juu, ushuke polepole. Ukianzia chini, moto unapanda mbio kama ulivyoona. Waite majirani kabla, si baada. Na usiondoke mpaka majivu yapoe."

"Nimesikia."

"Bado. Mwakani usichome kabisa. Mimi niliacha zamani."

"Sasa nitapanda wapi, na takataka zote zile?"

"Humo humo. Fyeka, sambaza majani, toboa ardhi kwa kijiti, tia mbegu. Majani yanafunika udongo, maji hayakauki upesi. Yakioza ni mbolea."

Mwaka ule baba alipanda mibuni ya Bi Obdulia kabla ya mahindi yetu. Mwaka uliofuata hakuchoma. Alifyeka, akatandaza majani, akapanda humo. Wapita njia walimcheka. "Eleuterio, umepanda au umeficha?" Aliendelea kutoboa ardhi.

Mwezi wa Julai mvua ilikatika, kama kawaida yake. Katika mashamba yaliyochomwa, mahindi yalikunja majani. Yetu yalibaki kijani. Bi Obdulia aliingiza mkono chini ya yale majani makavu, akautoa na udongo wenye unyevu. Alimpaka baba kidogo puani. Hiyo ndiyo ilikuwa pongezi yake.

Mahindi mabichi ya kwanza tuliyachemsha, na Mama akampelekea Bi Tránsito. Alitafuna taratibu kwa meno aliyobakiwa nayo. Sote tulikuwa tunamtazama.

"Haya hayanuki moshi," alisema, akanyoosha mkono kuomba lingine.