Alama Chini ya Mtumbwi

Twahir alizama Jumapili ya tarehe mbili Juni, muda mfupi kabla ya magharibi, katika ziwa dogo lililo ndani ya kasoko, shimo la volkano ya kale, chini ya Mlima Meru. Wazamiaji walitafuta wiki nzima. Hawakupata hata kiatu.

Mkewe, Zakia, alikataa kukaa eda. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona amekufa.

Mwezi uliofuata nilikwenda ziwani jioni kuandika habari ya gazeti kuhusu kifaa kimoja. Abdulhalim, mdogo wake Twahir, ni fundi wa elektroniki Sombetini. Mradi mmoja wa pwani ulikuwa umemletea sona aitengeneze. Boti zao huitumia kujua nguva walipo, zisije zikawagonga. Sona hutuma mlio majini, kisha husubiri mlio urudi. Alitaka kuijaribu.

Zakia nilimkuta ameshakaa mtumbwini.

Mwenye mtumbwi, Mzee Nathanael, alituuliza kama tunatafuta papa mlimani. Kisha akaomba jambo moja tu: jua likishatua, tusiite jina la mtu juu ya maji yale.

Abdulhalim alitueleza kwamba sona hiyo hupuuza mawe na magogo. Huweka alama kwenye kioo chake pale tu inapokuta hewa ndani ya mapafu. Kisha akaninong'oneza kwamba haitamwonyesha kaka yake, kwa sababu aliyezama hujaa maji. Alimleta Zakia aone kioo kitupu, akubali, akakae eda.

Akawasha.

Ti... ti... ti...

Kioo kilikuwa kitupu. Jua likatua. Abdulhalim akanyoosha mkono kuzima.

Alama moja ikatokea.

Ilikuwa chini kabisa. Ukubwa wa mtu.

"Ni gesi tu, shemeji," Abdulhalim akanong'ona. "Mwili ukikaa..."

"Umesema mapafu," Zakia akajibu.

Alama ikaanza kupanda. Kila mlio ulipotoka, ilisogea juu kidogo, kisha ikasimama kusubiri mwingine. Nikasikia harufu ya kahawa na tangawizi. Twahir alikuwa akiuza kahawa stendi. Mtumbwini hatukuwa na kahawa.

"Zima," Nathanael akasema. "Niliwaambia msiite. Hicho kifaa nacho kinaita."

Alama ikafika chini yetu, ikatulia.

Ubao ukagongwa. Taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake.

Zakia akainama mpaka pumzi yake ikagusa maji.

"Twahir..."

Ubao ukagongwa tena.

Abdulhalim akazima. Ziwa likanyamaza. Zakia alimshika miguu, akamwomba awashe mara moja tu. Hakuwasha. Njia nzima hadi Sombetini Zakia alirudia maneno yale yale: "Anapumua, na ninyi mmemwacha."

Kesho yake wazamiaji walishuka pale pale. Walikuta tope.

Abdulhalim anasema dumu tupu lililofungwa kifuniko linaweza kutoa alama kama ile. Nilimuuliza dumu lenyewe lilikwenda wapi. Aliendelea kukunja nyaya.

Wiki iliyofuata, usiku mmoja, sona ilitoweka kwenye karakana yake. Asubuhi Nathanael alipiga simu: mtumbwi wake ulikuwa katikati ya ziwa, hauna mtu. Tuliufuata kwa mtumbwi wa jirani. Ndani tulikuta kandambili za Zakia, zimepangwa pamoja kama mlangoni.

Sona ilikuwa inawaka. Kwenye kioo kulikuwa na alama mbili.