Ndoo Nyekundu Mashineni

Haya yalimkuta Devotha, niliyekaa naye chumba kimoja chuoni Njombe.

Alibakiwa na kazi moja ya programu: kuigiza foleni kwenye kompyuta, anayetangulia kufika atangulie kuhudumiwa. Akifeli tena, anadisko, yaani anafukuzwa chuo, anarudi shamba. Takwimu alizitoa mashine ya kusaga ya kwao Makambako, ambako watu hupanga ndoo za mahindi na kwenda zao. Alihesabu ndoo, akaandika saa kila moja ilipofika na iliposagwa. Lakini programu ikagoma kumaliza. Alifuta, akaandika upya, akalia. Mwishowe akaona daftarini: ndoo moja nyekundu haikuwa na saa ya kusagwa, na foleni yote ilikwama hapo.

Siku ya kukusanya kazi alirudi mashineni. Ukungu ulishuka mchana kweupe, ndani kukawa giza. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Msagaji, baba Haruni, alikaa mlangoni na koti lake zito.

"Shikamoo baba. Ile ndoo nyekundu ya nani?"

"Marahaba. Mwenyewe hatujamwona. Sisi huiruka tu."

"Isage basi, baba yangu, nipate saa ya kuandika. Nitafukuzwa chuo!"

"Kwa umeme upi, mwanangu?"

Ndani, kitu kikaburuzwa kwenye sakafu, kwaruu, kikanyamaza. Baba Haruni hakugeuka.

Devotha aliwasha tochi ya simu, akaingia. Ndoo nyekundu ilikuwa ya kwanza, chini ya mdomo wa mashine. Alifunua kifuniko, akatumbukiza mkono. Hayakuwa mahindi tena; ulikuwa unga, umejaa pomoni, na bado ulikuwa wa moto.