Barua Iliyomfunga Henriette

"Ricky, weka kile kikombe chini! Usikunywe!"

Glodie alimpokonya mwanawe uji kabla haujafika mdomoni, akaumwaga palepale uani mwa misheni. Mwaka huo wa 1995 mtaa wa Kikula ulikuwa na nyumba nyingi zinazowasha moto mara moja kwa siku mbili, kwa hiyo mtu kumwaga uji hakukuwa mchezo.

"Mama Ricky, mutoto iko na njaa," Henriette alisema, mwiko wa kugawia uji ukiwa mkononi.

"Njaa iko nayo. Lakini ile mukono yako ingali ya bwana yako. Bado habayakufungula. Minye siko na mubaya na weye, naogopa juu ya mutoto tu."

Henriette akamrudishia mwiko Germain, mmishonari wa hapo, maana Germain ndiye aliyekuwa mpishi na alikuwa amekwenda kuchukua kuni tu. Watoto wakajipanga upya, wakanywa. Henriette hakuumia hata kidogo. Kama kuna jambo lililomtia hofu siku hizo, ni hilo la kutoumia.

Mumewe, Théophile, alikufa kwa malaria miaka miwili nyuma, mishahara ya kiwandani imeshakuwa hadithi. Kwa desturi ya ukweni, mjane hubaki na kivuli cha mumewe mpaka ndugu za marehemu wamfungue. Kabla ya hapo haolewi, wala hamlishi mtoto wa mtu. Henriette hakufunguliwa. Alijitolea kwenye misheni, akawa anaosha sufuria na kufundisha watoto Neno la Mungu bila malipo, kwa kuwa nyumbani kazi ilikuwa moja tu, kutazama ukuta.

Walipobaki wawili na sufuria, Germain alikohoa.

"Henriette, minye nakupenda. Nataka nikuoe."

"Nimesikia."

"Umesikia, na kisha?"

"Hakuna kisha. Ungesema sufuria imetoboka, ningesikia vile vile. Moyoni hamuna kintu, Germain."

"Mungu atakuponya."

"Ni weye njo uliniandikia ile barua."

Germain akaacha kusugua. Juma lile la mazishi ya Théophile alikuwa mmishonari mpya mwenye moto mwingi kuliko akili, mniruhusu niseme. Alimwambia Henriette kwamba wakwe watamleta shemeji alale naye ili kumtakasa, na kwamba Mkristo hakubali. Akaandika barua ya kukataa kwa jina la Henriette. Henriette akaitia sahihi bila kuisoma, kwa sababu siku zile hakusoma kitu. Barua ikaenda Kapolowe kwa mama mkwe, Mama Simone. Hakuna aliyejibu, na hakuna aliyekanyaga tena kwake.

"Nilitaka kukulinda," Germain alisema.

"Aksanti. Sasa enda kwa phonie, uite Kapolowe. Sema nataka banifungule."

"Pasteur Benoît hapendi ile desturi, atanifukuza kazi!"

"Kazi gani? Balishakukulipa siku gani?"

Germain akaenda kwenye redio ya misheni, akashika kipaza sauti.

"Kapolowe, Kapolowe, huku Kikula. Mupashe Mama Simone habari: Henriette anaomba mukuye kumufungula. Terminé."

Jibu lilifika kesho yake.

"Kikula, huku Kapolowe. Mama Simone atakuya siku ya posho. Anasema: yule mwenye aliandikaka barua, naye aikale pale. Terminé."

Redio haina siri. Mchungaji Benoît, mkuu wa kazi ile, alikuwa mlangoni tayari.

"Frère Germain, ukiikala kwa mukeka ya ile desturi, unaniachia funguo za misheni."

Germain akaziweka mezani, akatoka.

Jumamosi Mama Simone alishuka kwenye lori la mihogo, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Wanawake walijaa uani kwa Henriette, Glodie mbele. Mama mkwe akaketi mkekani mbele ya Henriette, akatoa uzi wa ushanga mweupe.

"Nani aliandikaka?"

"Minye, mama," Germain alijibu.

"Uliandika tutamulalisha na mulamu wake. Nani alikuambia?"

"Bantu banasemaka..."

"Uliniuliza?"

"Hapana, mama."

"Kwetu ile bintu tuliachaka tangu siku za nkambo yangu, mama ya mama yangu. Ni ushanga kwa mukono, na sala. Huu niliutunga siku tulizika mutoto wangu. Nilishakufunga mizigo nikuye. Njo barua ikafika, inasema tuko bachafu. Nikafungula mizigo, nikaikala."

Mama Simone akamfunga Henriette ushanga mkononi.

"Théophile, mutoto wangu, umuachilie. Bwana Yesu, umuchunge."

Basi. Imekwisha. Henriette akatazama mkono wake, kisha akamgeukia Germain.

"Dakika tano!" Sauti yake ilimshtua mwenyewe. "Miaka mbili batoto ba bantu banakimbia mukono yangu, juu ya kintu ya dakika tano! Na weye haukuuliza!"

"Unisamehe."

"Sikusamehe! Nyamaza!"

Uso ulimwaka. Hasira iliuma, na nyuma ya hasira ukaja msiba wenyewe, mbichi, wa Théophile. Akamlilia siku hiyo kwa mara ya kwanza, kichwa kikiwa mapajani mwa mama mkwe wake, nao wakalia pamoja.

Germain akainuka aondoke.

"Ikala," Mama Simone alimwambia. "Unamupenda?"

"Namupenda, mama."

"Basi umuache akukasirikie mupaka itaisha."

Ilichukua miezi minane. Kila siku Germain alileta maji, akagombezwa, akarudi kwao. Siku moja Henriette akatafuta la kumgombeza, akalikosa, akacheka. Wiki ile ile akamkubalia.

Mchungaji Benoît hakukubali kuwafungisha ndoa. Walifunga ndoa kwa mchungaji mwingine, katika kanisa dogo la matofali mabichi. Alipouliza nani anamtoa bibi harusi, watu wakatazamana, maana Henriette hakuwa na baba wala mama. Katikati ya benchi akasimama mwanamke mmoja.

"Mama, weye ni nani wake?" mchungaji akauliza.

"Nilimuzika bwana yake," Mama Simone alijibu. "Huyu njo mutoto yenye alibakia. Namutoa minye."